Mstari Ambao Sikuuandika

Siku yangu ya kwanza kazini, Tajiri alinipa kompyuta iliyotupwa na ofisi moja, akaniambia niiwashe. Duka lake lilikuwa Mji wa Kale, katika kichochoro ambacho magari hayaingii, nami nilikuwa fundi wa redio niliyechoshwa na redio. Nikaibonyeza. Ikanguruma, ikazimika. Tajiri, Muhindi mzaliwa wa Mombasa aliyenishinda kwa Kimvita, akachomeka flashi ndogo, na kompyuta ile ikawaka kabla sijamaliza kikombe cha kahawa.

"Haina ugonjwa hiyo," akasema. "Yabebeshwa mno."

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya hadi nikastaafu: kufufua mashini kuukuu kwa mifumo ya Linux iliyopunguzwa. Nyinyi vijana mnaonunua kompyuta mpya kila mara, nisikizeni. Mfumo wa aina hii ni kiini na vitu vichache vya lazima. Ukiwashwa, hupanda wote kwenye kumbukumbu ya muda, na ndiyo sababu huwa mwepesi. Ukitaka kuchapisha au kutunza rejista, unaongeza kifurushi, yaani programu iliyofungwa tayari. Lakini kifurushi hakiji peke yake. Huja na jamaa zake, na hao nao wana wajomba, na ukiwachekea wote mashini hurudi jaani ilikotoka.

Kwa hiyo Tajiri alikuwa na sheria: ukitia kimoja utoe kimoja, na umweleze kwa nini. Niliwahi kumwombea mteja programu ya picha, akanikaripia mbele ya watu. "Wataka kutia nyumba nzima ndani ya bweta?" Nilimchukia siku ile, ila nilijifunza kazi.

Jambo jingine ni hili, na ndilo lililonifanya niandike. Kilichomo kwenye kumbukumbu ya muda hupotea kompyuta ikizimwa. Tulikuwa na faili fupi ya orodha, na folda zilizoandikwa humo tu ndizo zilizohifadhiwa kwenye diski wakati wa kuzima.

Tukapata kazi katika zahanati moja karibu na Makupa. Muuguzi wake, Bi Kadzo, alitaka rejista ya wagonjwa badala ya kadi za karatasi zilizoliwa na mchwa. Nikatia kifurushi cha rejista, nikatoa cha kuchapishia. Folda ya rejista ilikuwa kubwa, na kuihifadhi kulichelewesha kuzima, basi nikaiondoa kwenye orodha. Nilinuia kuielekeza moja kwa moja kwenye diski. Ulikuwa mstari mmoja tu wa kuandika. Adhana ya adhuhuri ikaanza, nikaenda kuswali, na niliporudi nikamkuta Bi Kadzo amekwisha kuingiza majina, na mstari ule ukanitoka akilini. Nikafunga rejista, nikafungua, majina yapo. Nikamfunza namna ya kuzima, nikaondoka. Mwanagenzi yeyote angejua kuwa jaribio ni kuzima kompyuta yenyewe.

Kwa wiki tatu haikuzimwa, na hata umeme ulipokatika haikuzimika, kwani ilikuwa na betri ya akiba. Bi Kadzo akanakili kadi zote, kisha kadi zikatupwa kwenye jaa la taka la Kibarani. Ijumaa moja akazima. Jumatatu asubuhi rejista ikafunguka tupu.

Asubuhi hiyohiyo akaletwa Bi Zuhura, mkaanga viazi karai wa pale langoni. Nilikula viazi vyake siku niliyoiweka ile kompyuta. Mguu ulikuwa umeoza kidonda, homa imempanda, hajui aliko. Kadi yake ya zamani ilisema asichomwe penisilini, kwani mwili wake uliikataa. Bi Kadzo alikuwa mgeni pale, alimjua kwa viazi tu, na kati ya kadi zote alizonakili hakuikumbuka yake. Akamchoma. Bi Zuhura akafariki kabla gari la wagonjwa halijafika.

Niliitwa. Bi Kadzo alikuwa amekaa kitini, mikono mapajani. "Fundi, nilizima vile ulivyonifunza. Nilikosea wapi?"

Nikaifungua ile orodha, na sikuchukua muda kuona kuwa folda ya rejista haimo, wala sikuwa nimeielekeza kwenye diski. Tajiri, aliyesimama nyuma yangu, naye aliona. Akaninong'oneza, "Nyamaza. Tukifunga duka, watu wanane watalala njaa." Kisha akamgeukia msimamizi wa zahanati: "Mashini hizi zataka uangalifu. Huenda amezima vibaya." Msimamizi akanitazama mimi, fundi. Nikasema, "Huenda."

Bi Kadzo akafukuzwa kazi, na hakuajiriwa tena kuwa muuguzi. Mimi nikapandishwa cheo. Tajiri alipofariki nikalishika duka, nikafunga mifumo katika shule na madrasa kadhaa, na kila mara nilijaribu kuzima mara tatu. Watu wakanisifu kwa uangalifu wangu, nami nikaona haya kila waliponisifu.

Sasa nimestaafu. Wiki iliyopita nilimkuta Bi Kadzo kwenye kivuko cha Feri, akiuza karanga kwa wanaosubiri kuvuka. Ni yeye aliyenitambua. "Shikamoo, fundi," akasema, akanifungia karanga, akakataa kulipwa. Kisha, kwa upole, kama anayeuliza habari za nyumbani: "Wewe ulikuwa mjuzi. Hebu niambie, nilikosea wapi?"

Watu walikuwa wengi. Nikamwambia ni mambo ya zamani, nikaondoka na karanga zake mkononi. Sikuweza kuzila.

Bi Kadzo, hukukosea. Ulizima sawasawa. Mstari ule ulikuwa wangu, na nilijua tangu siku ile.