Somo la Karafuu

Nilikuwa jamvini nyumbani Mtambile, nachambua karafuu na mama, nilipopata jibu kwenye simu kutoka chuo cha Ulaya nilichokuwa naenda kusomea muhula mmoja. Niliomba masomo ya udongo. Mshauri wao hakunipa hata moja. Kanipangia somo la viungo vya Zanzibar, eti nijisikie nyumbani. Hasira ilinishika. Nikafungua picha ya somo: karafuu zimejaa makonyo, vile vijiti tunavyovitoa kutwa nzima mpaka kucha zinauma. Nikamwonyesha mama. Akaitazama, akasonya.

“Chafu hizi! Na hao ndo wakakusomeshe karafuu?”

Nikainamia fungu langu. Sikuthubutu kumwambia kwamba nilikuwa nishabonyeza kulikubali somo hilo.