Pakiti ya Maziwa kwa Mbwa Aliyeshiba

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Mama mboga akiniongezea nyanya moja bila kuombwa, naigeuzageuza nione imeoza wapi. Kwa hivyo Jumapili ile ya Agosti, nilipotoka kanisani nikamkuta mbwa wetu amelala ubavu kando ya tangi la maji, tumbo limefura na kukaza, sikujiuliza ana nini. Nilijiuliza ni nani aliyempa sumu.

Jibu nilikuwa nalo. Jirani yetu hapa Mugutha alikuwa amelalamika mara kadhaa kwamba mbwa anabweka kila anapofungua geti lake alfajiri, na mara ya mwisho alisema huyo mbwa siku moja atanyamaza. Halafu asubuhi hiyohiyo aliniuliza kama naenda kanisani. Tangu ahamie hapa hakuwahi kuniuliza habari za kanisa.

Mama alikuwa ameketi barazani na sweta lake. Hakuja kanisani kwa sababu ya magoti. Nilimtoa kijijini Kalimoni baada ya kumzika baba, nikamwambia kwangu kazi yake itakuwa kula na kulala. Mbwa ndiye aliyekuwa rafiki yake mchana kutwa. Tangu Pasaka tulikuwa tunamcheka mnyama huyo jinsi alivyonenepa. Nilipomuuliza mama nani alikuja, alisema hakuona mtu, na hakunitazama usoni. Nikadhani naye anawaza sumu.

Kwetu kila mtu anajua dawa ya sumu ni maziwa. Nilimbana mbwa katikati ya magoti, nikampanua mdomo, nikammiminia pakiti nzima, na mbwa mwenyewe hazidi paka kwa ukubwa. Akaanza kuhema kwa shida, macho yamemtoka, nikajua anatufia. Nilimpigia simu daktari wa mifugo aliye Ruiru mjini, kisha nikasimama karibu na ua nikasema, kwa sauti ya kumfikia jirani, kwamba Mungu si Athumani.

Daktari alikuja na bodaboda. Alimpapasa mbwa tumbo, akamwangalia ufizi, akaniuliza maziwa ni ya nini. Nikamweleza.

"Huyu hana sumu, madam," alisema. "Huyu ameshiba kupita kiasi, halafu wewe ukamwongezea."

Hata yeye nilimshuku, nikadhani ana haraka ya kwenda zake. Akaniagiza nisimpe chakula mpaka kesho, maji kidogo kidogo tu, na nisimlazimishe kumeza chochote tena. Tumbo likizidi kufura, au akijaribu kutapika bila kutoa kitu, nisingoje hata dakika moja kumpigia. Alikuwa bado anaongea mbwa alipotapika kwenye nyasi. Daktari akafurahi, akasema hiyo ni afueni. Mimi niliinama kutazama.

Ulikuwa mukimo, viazi na mahindi ya kupondwa, pamoja na vipande vya nyama vidogo kama punje za mahindi. Nyama hukatwa hivyo nyumbani kwangu tu, kwa ajili ya meno ya mama. Na sahani ya mama hurudi jikoni safi kila siku. Nilikuwa nimejisifu kwa dada zangu kwamba kwangu anakula vizuri.

Kwanza nilikasirika. Nilishuku kwamba anadharau mapishi yangu. Daktari alipoondoka nilienda kuketi karibu na mama, nikamuuliza chakula changu kina shida gani.

Alishika koo. "Hakipiti, mami," alisema. "Kinasimama hapa. Chai tu ndiyo inapita."

"Tangu lini?"

Alimtazama mbwa, ambaye sasa alikuwa ameinua kichwa.

"Tangu huyo aanze kunenepa."

Nilimshika mkono, nao kwa wembamba ukapotea ndani ya sweta. Sweta hilo nilikuwa nimeliona kila siku, nikidhani ni baridi ya Julai. Niliogopa, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumlaumu ila mimi.

Nilienda kubisha geti la jirani atupeleke hospitali, kwa sababu ndiye mwenye gari. Alitoka na funguo mkononi kabla sijamaliza kueleza. Akamfungulia mama mlango wa mbele, akamfunga mkanda. Mama akaniuliza kama nimemfungia mbwa, asije akala kitu.