Mtoro Yupo

Baba yangu mdogo anaitwa Mtoro. Si sifa yake, ni jina. Bibi yangu Mwanasiti, baada ya kumzaa baba yangu, alizika watoto watatu mfululizo, na huyu aliyefuata alipozaliwa akamwita Mtoro, ili kifo kikija kupiga hodi kiambiwe huyo mtoro, hakai nyumbani. Kifo kilikubali. Baba mdogo sasa ana miaka arobaini na moja, na sijasikia hata siku moja amekosa jambo: maziko, maulidi, mkutano wa kitongoji, hata chanjo ya mbuzi, naye mbuzi hana. Mkutano ukiitwa saa tatu, saa mbili na nusu ameshakaa, anawatazama wanaopanga viti.

Kazi yake ni kalafati. Boti za mbao zikianza kuvuja huletwa kwake, hapa kisiwani kwetu upande wa Mbwera, naye hushindilia pamba yenye mafuta kwenye nyufa mpaka maji yakate tamaa. Vijana kutoka Nyamisati huja kuomba awafundishe.

"Kaa uangalie," huwaambia.

Wengi huangalia siku mbili. Siku ya tatu wanasema wameelewa.

Shule alisoma siku moja na nusu. Mwalimu Benedict alikuwa ametoka bara, hajakaa kwetu hata wiki, na orodha ya darasa la kwanza aliandikiwa na balozi. Akasoma, "Mtoro Faraji." Akaona balozi amemrahisishia kazi: kuna mtoto anaitwa Faraji, naye ni mtoro.

"Faraji yuko wapi?" akauliza.

"Yuko dago, mwalimu, anavua kamba," watoto wakajibu. Walisema kweli. Faraji ni babu yangu, na msimu ule alikuwa kwenye kambi ya wavuvi.

"Kumbe kweli mtoro."

Baba mdogo akasimama. "Mtoro nipo, mwalimu."

Darasa likacheka. Mwalimu akamwambia akae. Kesho yake akasoma tena, baba mdogo akasimama tena, "Mtoro nipo." Alichapwa viboko vinne kwa dhihaka, akaambiwa asirudi bila baba yake. Babu alirudi kutoka dago baada ya miezi minne. Walipofika shuleni, daftari la mahudhurio lilikuwa na mstari mwekundu, na pembeni sababu: mtoro. Watu husema shule humbadilisha mtu. Yeye ilimrudishia jina lake lilelile, ila sasa likiwa na maana.

Haya nimesimuliwa na bibi. Yanayofuata nimeyaona mwenyewe, maana naishi kwao tangu nilipoacha shule darasa la nne.

Binti yake Sabra yuko darasa la saba. Baba mdogo humvusha kwa mtumbwi kila asubuhi, na tangu aanze shule hajakosa siku, hata ile wiki ya mafuriko aliyofika akakuta shule yote ni yeye na mbuzi wa mlinzi. Siku ya Jumatano, mwaka huu, Sabra alirudi mapema. Orodha ya watakaofanya mtihani wa mwisho ilikuwa imebandikwa ukutani, jina lake halipo. Orodha inapelekwa Kibiti Ijumaa. Asiyekuwemo, hana mtihani, na asiye na mtihani hana sekondari.

Baba mdogo aliosha mikono kwa mafuta ya taa, akavaa kanzu. Tukavuka wote watatu.

Ofisini tulimkuta Mwalimu Zebedayo, kijana mgeni, mpole.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimekuja kwa ajili ya Mtoro."

"Vizuri sana, mzee. Wazazi wengi hawaji. Huyo mtoro yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Mwalimu Zebedayo aliitazama kanzu yake, kisha akafungua daftari. Aliagizwa na mkuu aondoe watoro, naye aliondoa kila jina lenye neno mtoro. Yalikuwa manne. Matatu neno limeandikwa kwa wino mwekundu. La nne kwa bluu: Sabra Mtoro.

"Huyu ni mtoro," akasema, ameweka kidole.

"Ni *wa* Mtoro."

"Ndiyo, mzee, wa utoro."

"Wa kwangu."

Hapo akaingia mkuu wa shule, Mwalimu Leodgar, aliyekaa kwetu miaka sita na anajua majina yetu. Alishika kichwa. Akamweleza mwenzake, mwenzake naye akashika kichwa. Kisha mkuu akasema kumrudisha Sabra ni rahisi, ila orodha itapita mikono mingi huko mbele, na kila mkono utaliona neno lile.

"Shemeji, tuandike Sabra Faraji," akasema. Mkuu ameoa kwetu. "Jina la babu yake. Hakuna atakayeligusa."

Baba mdogo alipitisha kidole juu ya jina la binti yake, kama anayetafuta ufa.

"Andikeni," akasema. "Mimi kukatwa nimezoea."

"Mimi si mtoto wa babu," akasema Sabra.

"We Sabra! Unasema na mwalimu hivyo?"

"Nasema na wewe, baba. Kwa bibi naitwa Sabra binti Mtoro. Ukisema binti, nani atadhani utoro?"

Mwalimu Leodgar akasema fomu haina binti. Ina nafasi tatu tu: jina la kwanza, la kati, la mwisho.

"Basi Binti liwe la kati," akasema Sabra.

Walimu wakatazamana. Mwalimu Zebedayo akahesabu nafasi kwa kalamu, moja, mbili, tatu. Zilijaa. Akaandika. Wale watatu wa wino mwekundu hakuna aliyewaulizia. Mmoja wao namjua, yuko kwa baba mdogo, siku yake ya pili ya kuangalia.

Siku ya mtihani wazazi waliambiwa wakae mbali na madarasa. Baba mdogo alikuwa amefika tangu alfajiri, amesimama pale ilipofungwa kamba ya kuzuia wazazi, na kanzu yake. Msimamizi, mama mmoja mgeni, akasimama mlangoni kuita majina, kila anayeitwa aitike na aingie.

"Sabra Binti."

"Nipo," Sabra akaitika.

Msimamizi akageuza karatasi, kumbe jina lilikatikia ukingoni.

"Mtoro?"

"Nipo!" akaitika baba mdogo.

Msimamizi akasema walioko nje ya kamba wanyamaze. Akanyamaza. Alisimama palepale mpaka mtihani ulipoisha.