Jembe Nyuma ya Mlango

Mama aliketi kando ya barabara inayopanda kutoka Ipogolo kwenda mjini Iringa, tangu alfajiri mpaka jua lilipokuwa kali. Mguu wa kushoto ulikuwa umekataa. Waliopita walimwamkia wakaendelea na safari zao. Alikuwa na jembe, na bibi mwenye jembe akiketi, anapumzika.

Jembe hilo halikuwa la kulima. Miaka mingi nyuma, alipoambiwa atembee kwa sababu ya presha, alianza kupanda mlima kila asubuhi mikono mitupu. Majirani wakawa wanamsimamisha: "Shikamoo mama, msiba uko wapi?" Huku kwetu mwanamke wa umri wake hakazi mwendo bila mzigo ila anawahi msibani. Mwenzake wa kwaya, aliyetembea naye, akapata jibu: "Tubebe majembe, shoga. Nani atakuuliza?" Wakabeba, na wakapanda hivyo mpaka wajukuu wao wakaoa. Kuna siku mama alinipita mlimani, yeye wa miaka sabini na kitu, akageuka: "Wewe wa Mbeya, huko mnakula tu na kulala?"

Asubuhi ile mguu ulipokataa, nilikuwa likizo kwake, nimetoka Mbeya ninakoishi. Mwenzake aliugua mafua, mama akaenda peke yake. Chai ikapoa. Nikatoka kuuliza.

"Bibi? Yuko shambani, nimemwona na jembe."

Wa pili akanijibu hivyohivyo, na wa tatu. Kila jibu lilinizidishia hofu. Mama hana shamba upande ule.

Nilimkuta jembe likiwa mapajani, malori yakishuka hatua chache kutoka miguuni pake.

"Mbona hukuita watu?"

"Wangesema nimezeeka." Maneno yalimtoka kwa shida, kama ana kitu mdomoni.

Hospitalini daktari alisema ni kiharusi kidogo. Akasema miguu yenye mazoezi itamrudisha haraka, na kwamba kiharusi kinaweza kurudi, lini hajui. Baada ya wiki kadhaa mama alikuwa anazunguka uani. Nikamwomba jambo moja: akianza tena kupanda, aache jembe mahali pake nyuma ya mlango, ili watu wamuulize.

"Sawa, mwanangu," alisema, bila kuniangalia.

Leo nimeamka kumekucha. Kitanda chake kimetandikwa. Nimempigia mwenzake, yuko kwake, hajamwona. Nyuma ya mlango jembe halipo.