Gari Lililolazwa Kwenye Banda la Joto

Ulimwona leo asubuhi, usikatae. Alikuwa amesimama kwenye kona ya Ulaan Khad, mkono kaunyoosha barabarani, shali imemfunika hadi chini ya macho. Ulipunguza mwendo, ukaona ni mama wa makamo mwenye mfuko wa vitunguu, ukageukia redio kama vile redio imekuita jina. Jana ulifanya hivyo hivyo. Basi leo utamsoma, maana jina lake hujawahi kumuuliza.

Anaitwa Khandsuren. Ana miaka arobaini na sita na ni mpishi wa chekechea upande wa magharibi wa Ulaanbaatar.

Saa kumi na moja alfajiri, baridi imeshapita nyuzi ishirini chini ya sifuri, naye anasikiliza magari kabla hajayaona.

"Hilo linalokuja lina kifua," anasema.

"Umeanza," anajibu jirani yake Tsogzol, mfagizi wa hospitali, huku akirukaruka kupasha miguu joto. "Gari halijafika, umeshalilaza wodini."

"Sikiliza. Linakohoa."

"Likohoe, mradi litubebe! Nyoosha mkono, dada, vidole vyangu vya miguu sivisikii tena."

Gari linapita. La pili linapita. La tatu linasimama mbele kidogo, na Tsogzol anakimbia. Khandsuren hakimbii. Kwanza anapiga picha namba ya gari na kumtumia binti yake, kisha anamtazama dereva usoni, kisha ndipo anapanda. Dereva ananuna. Mwache anune.

Kutoka Ulaan Khad hadi jikoni kwake ni kilomita hamsini na tano. Mshahara wake ni tugrik milioni moja na laki mbili kwa mwezi, na karibu theluthi yake inaishia mifukoni mwa madereva asiowajua.

Wengi wenu mmesahau, au mnajifanya mmesahau, kwamba njia hii haikuwa hivi. Enzi za mgodi lilikuwepo lori la wafanyakazi, lenye benchi na turubai, likipita kila alfajiri. Mgodi ulipofungwa lori likauzwa, na aliyelinunua mnamjua. Likaja basi. Basi nalo likaondolewa, tukaambiwa abiria ni wachache. Wachache! Aliyewahesabu alikuja mchana, watu wote wakiwa kazini. Tuliandika barua tukaipeleka ofisini, na barua ile mpaka leo haijajibiwa.

Chekechea haingoji. Watoto wanafika wakitaka uji wa moto na chai ya maziwa, na mpishi akikwama njiani wanakaa mezani wakigonga vijiko. Mkuu wa chekechea si mtu mbaya, lakini naye ana wakubwa wake. Alimwita Khandsuren kabla ya theluji ya kwanza.

"Dada Khandsuren, mkono wako wa upishi naupenda," alimwambia. "Ila mkono usipofika, mimi nafanyaje? Nakuvumilia mpaka sikukuu ya Mwezi Mweupe. Baada ya hapo nitatafuta mtu anayekaa karibu."

Mwezi Mweupe, mwaka wetu mpya, huja baridi ikielekea kwisha, na ndiyo maana anatafuta gari. Si la fahari. Anataka lile dogo la Kijapani, linalotumia petroli na betri, ambalo mji mzima unaliita kwa namba tu, Ishirini. Lina usukani upande wa kulia katika nchi inayoendesha upande wa kulia, kwa hiyo ukitaka kulipita lori lazima abiria wa kushoto akuchungulie mbele. Lakini kwa mafuta ambayo gari kubwa huyamaliza kwa safari ya kwenda mjini tu, Ishirini linakwenda, linarudi, na kesho yake linakwenda tena.

Fedha anayo, na haitapatikana nyingine. Mama yake alipofariki aliacha farasi majike kule mkoani Arkhangai, na kaka yake, Yadam, ambaye ni mfugaji, aliwauza wote kwa ajili yake. Milioni kumi na moja. Iko benki. "Benki siiamini," anasema Khandsuren, "ila panya siwaamini zaidi."

Yadam alifika mjini kwa kofia yake ya manyoya na buti za safari, na wote wawili wakaenda kwa dalali aitwaye Zundui, nyuma ya soko la magari.

Zundui aliwapokea mlangoni kwa mikono miwili.

"Watu wa Arkhangai! Nimewajua kwa kofia. Mama yangu mzazi ni wa huko huko."

Yadam uso ukamchanua. Wakabadilishana vichupa vya ugoro, wakanusa, wakaulizana hali ya mifugo na malisho. Khandsuren alikuwa ameshawauliza watu wawili walionunua gari hapo. Mmoja wa Khovd, magharibi kabisa, mmoja wa Dornod, mashariki kabisa. Wote wawili waliambiwa mama yake Zundui ni wa kwao.

"Mama huyo alizaliwa mara ngapi?" anauliza sasa, akikatakata karoti. "Na kote huko alifika kwa usafiri gani?"

Ishirini lilikuwa ndani ya banda lenye joto, mabomba ya maji ya moto yamezunguka kuta zote. Jeupe, limeng'arishwa, hariri ya buluu ya baraka imeshafungwa kwenye kioo cha ndani. Zundui aliliwasha. Halikutoa hata sauti. Dashibodi ilikuwa safi, taa ya hitilafu haikuwaka hata moja, na kilomita zilikuwa chache mno kwa gari lenye kiti cha dereva kilichochakaa namna ile. Khandsuren aliweka kiganja juu ya boneti. Lilikuwa vuguvugu kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Nani alikuwa ameliwasha kabla hawajafika, na kwa nini?

Hapo ndipo mke wa Zundui alipoingia na bakuli la fedha lililojaa maziwa, yale ya kubariki kitu kilichokwisha kuwa chako.

Bei ilikuwa haijatajwa. Karatasi ilikuwa haijasainiwa. Mama yule alipita moja kwa moja mbele ya Khandsuren, akainama kwa Yadam.

"Kaka, wewe ndiye mfugaji. Mkono wako una baraka kuliko yetu sisi wa mjini."

Mngefanyaje nyinyi? Yadam alifanya kama baba yake na babu yake. Alivua kofia, akachovya kidole, akayapaka matairi maziwa moja baada ya jingine, akalipaka boneti, akilisemesha gari maneno mema kama mwanafarasi aliyezaliwa leo. Miguu yako iwe mizima. Njia yako iwe nyeupe. Hakuharakisha hata neno, kwa sababu farasi wa mama yao walikuwa wamegeuka kitu hiki cheupe mbele yake.

Zundui alipiga makofi. "Hongereni! Gari lenu hilo."

"Nani kasema tumenunua?" Khandsuren aliuliza.

"Dada," Yadam alinong'ona, "maziwa yameshagusa."

"Yamegusa matairi. Mimi nauliza betri."

"Betri iko kama imetoka kiwandani juzi," alisema Zundui.

"Basi lilaze nje usiku mmoja, baridi iipime. Kesho asubuhi nakuja. Likiwaka bila taa, chukua fedha yako yote, na bakuli nakuoshea."

Zundui alicheka. "Nje? Kwenye baridi hii? Hata mkwe mbaya humlazi nje."

"Mimi nitalilaza huko huko. Sina banda la joto. Nina uwanja na mbwa."

"Wewe hutafuti gari, dada yangu. Unatafuta mchumba. Bado kuuliza ukoo wa babu yake."

"Babu yake namjua, Mjapani. Ninayemuuliza ukoo ni wewe."

Zundui aliacha kucheka. Alimgeukia Yadam, akashusha sauti, mwanamume kwa mwanamume. "Kaka, kwenu Arkhangai mtu akishapaka maziwa anarudi nyuma?"

Yadam alikuwa mwekundu hadi masikioni. Khandsuren alimshika mkono, wakatoka. Kwenye kituo cha mabasi ya mikoani kaka alisema neno moja tu: "Umeniaibisha." Akapanda basi akarudi kwenye mifugo yake. Simu hajapiga.

Kuna jambo Khandsuren hakulijua siku ile, na sisi wengine tulilijua. Zundui huyu, kabla ya magari, alikuwa mnunuzi wa kashmiri, ile sufu laini ya mbuzi. Kwa wafugaji alinunua safi, kwa wenye viwanda aliuza iliyochanganywa mchanga izidi uzito. Ilijulikana. Ilisemwa kwenye kila harusi. Na harusi hizo hizo alialikwa, akapewa kiti cha juu. Mnaona tunavyofuga watu?

Wiki tatu zikapita. Kila asubuhi Khandsuren alinyoosha mkono barabarani, na kila asubuhi shaka ilimng'ata upande wa pili. Huenda lilikuwa gari zuri. Huenda boneti lilikuwa vuguvugu kwa sababu banda lina joto, basi. Jikoni wenzake walimtania: "Khandsuren anatafuta gari bikira." Tsogzol naye alichoka.

"Sasa tungekuwa tumekaa kwenye viti," alisema, "unasikia kifua cha kila gari isipokuwa changu!"

Kisha, asubuhi moja ya Desemba, kwenye mpando kabla ya mji wa Nalaikh, dereva aliyewabeba alipunguza mwendo. Mbele kulikuwa na gari jeupe limekufa pembeni, taa za dharura zikififia. Binti mmoja alikuwa analisukuma peke yake, mumewe yuko kwenye usukani.

"Simama," alisema Khandsuren.

"Tutachelewa," alisema Tsogzol.

"Simama, nimesema."

Hariri ya buluu ilikuwa bado kwenye kioo. Kwenye matairi maziwa yalikuwa yameganda michirizi. Ndani, dashibodi yote imewaka nyekundu kama jiko.

Binti anaitwa Anudari, muuguzi wa meno, anakaa mbali kuliko hata Ulaan Khad. Walikuwa wamelinunua siku kumi kabla. Usiku wa kwanza nje, taa zikawaka. Walirudi kwa Zundui asubuhi ile ile.

"Akatuambia, 'Nani alipaka maziwa, mimi au nyinyi?'" alieleza Anudari, akilia kwa hasira zaidi ya huzuni. "Baba mkwe wangu mwenyewe ndiye aliyepaka. Na ndiye huyo akasema turudi nyumbani, nani anarudisha farasi aliyempaka maziwa? Tukarudi, dada. Tukarudi kweli, kama wajinga."

Khandsuren alilijua gari lile. Alilishuku tangu siku ile bandani, akaenda zake, akanyamaza, akaona amepona peke yake. Aliweka mfuko wa vitunguu chini, akaegemeza bega kwenye buti la gari, akasukuma.

Jikoni alifika watoto wameshagonga vijiko mpaka wamechoka. Mkuu wa chekechea hakugomba. Alisema tu, "Mwezi Mweupe, dada. Sitarudia."

Zundui alipoulizwa na mwandishi hakukana kitu. Alikuwa anakula buuz, vile viandazi vya nyama vya mvuke, akaendelea kula. "Gari ni chuma, na chuma hakiapi. Mimi simlazimishi mtu kushika bakuli."

Si kweli. Analazimisha kwa kitu tunachokiheshimu kuliko sheria. Anajua hakuna Mmongolia atakayeyatukana maziwa mbele ya mke wa mtu, na juu ya aibu yetu hiyo amejenga banda na kuweka mabomba ya maji ya moto.

Siku hizi kila Jumamosi Khandsuren na Anudari wanasimama kwenye lango la soko la magari. Hawana bango. Kila anayeingia na kofia ya safari wanamwambia sentensi moja: lilale nje kwanza, maziwa baadaye. Madalali wanawazomea, wanawaita wachawi. Mmoja aliwamwagia maji miguuni, yakaganda hapo hapo. Tsogzol, aliyekuwa amechoka na kununa, sasa anawaletea chai yenye chumvi kwenye chupa, na matusi anayowarudishia madalali hayaandikiki hapa.

Mama mmoja wa Bulgan aliwasikiliza. Alidai gari lilazwe nje, dalali akakataa, naye akaondoka na fedha yake. Wiki hiyo Yadam alipiga simu kwa mara ya kwanza. Hakuomba radhi. Aliuliza tu kama dada yake amepata gari.

Hajapata. Fedha ya farasi iko benki, haijaguswa. Mipango yake yote iko tayari: Tsogzol atakaa kiti cha kushoto awe macho yake wakati wa kulipita lori, kina mama wawili wa mtaani watakaa nyuma na kuchangia mafuta, na watoto watakunywa uji kwa wakati. Anachokosa ni gari moja lisilosema uongo, na Mwezi Mweupe uko karibu.

Sasa nakugeukia wewe uliyesoma mpaka hapa. Uwanjani kwako kuna Ishirini, unafikiria kulibadilisha na jipya kabla ya sikukuu, na namba ya dalali umeshaihifadhi. Ifute. Lilaze nje usiku huu bila blanketi la sufu juu ya injini, na asubuhi uliwashe mbele ya mpishi huyu. Lina ubovu, mwambie ubovu wake kwa mdomo wako, mkubaliane bei. Namba ya Khandsuren iko katika ofisi ya gazeti hili, na ukija mwenyewe, yuko jikoni kwake, mlango wa nyuma yanakotolewa majivu, kila siku mpaka saa tisa.

Usingoje mwingine aende. Chukua funguo, utoke.