Vigari vya Fundi Bazilio

Mimi sikuolewa ili niishi na barua. Miaka sita mume wangu Bazilio alikuwa fundi wa magari katika gereji moja kule Kigoma mjini. Nyumbani kwetu Kasulu alikuja mara mbili kwa mwaka na sanduku lake la bati, akakaa siku nne, akaondoka. Mtoto wetu Longinus alikuwa akimwita mgeni. Nilichoka, na nilimwambia nimechoka.

Mwaka 1976 akarudi, akapanga ghala la zamani la kahawa la mzee Abdulrahmani, tukafungua gereji yetu wenyewe. Tatizo ghala lilikuwa jembamba. Land Rova ikiingia, na meza za vifaa zimejipanga kila ukuta, mlango wa gari haufunguki, fundi anapita kiubavu amebana tumbo. Basi magari akawa anayatengenezea nje, na mvua ya Kasulu ikianza haina adabu.

Bwana Khatibu, mtu wa Tanga aliyesimamia magari ya wilaya, alisema wazi: “Ndugu Bazilio, kazi yako naipenda, lakini gari la serikali halifunguliwi injini mvuani. Jumatatu nakuja na Land Rova. Ikikaa ndani na ukaweza kuizunguka, magari yote ni yako. Isipowezekana, tutaendelea kuyapeleka Kigoma.”

Kigoma huko huko tajiri wake wa zamani alikuwa amemwandikia arudi. Bazilio akaanza kukunja mashati na kuyapanga katika lile sanduku. Nililipiga teke.

Kesho yake aliamka na wazo. Akavunja meza zote, mbao zake akaundia vigari vitatu vyembamba: kimoja cha jiliwa la kubania chuma, kimoja cha jiwe la kunolea, kimoja cha spana na nyundo. Akavipishanisha urefu ili kifupi kiingie chini ya kirefu, kama ninavyopanga masufuria yangu. Chini akafunga beringi kuukuu za lori ziwe magurudumu, nne kila kimoja. Jamani, nilipokisukuma cha jiliwa kwa kidole kimoja kikaenda, nilicheka peke yangu.

Tulichosahau ni sakafu. Ghala lile lilijengwa na mteremko kuelekea mlangoni, maji yasituame. Jumamosi Bazilio akabana chuma kwenye jiliwa, akapiga tupa mara moja tu. Kigari kikamtoroka, kikatoka nje, kikavuka barabara na chuma chake mdomoni, kikaenda kupindua pipa la maji la mzee Abdulrahmani. Mzee alikuwa anatawadha. Alinitazama mimi, si mume wangu.

Tukaweka mawe chini ya beringi, kikayaruka. “Basi, Mama Longinus,” akasema Bazilio, “acha niende tu.”

Hapo nikawaka. Nikamwonyesha toroli la wajenzi wa jirani, limesimama na matofali yake kwenye mteremko kama wetu. “Lile mbona halikimbii? Limekuzidi akili?”

Akalitazama. Toroli lina gurudumu moja na miguu miwili. Ukiliinua linakwenda, ukilishusha limesimama. Akakimbilia ndani. Hadi Jumapili jioni kila kigari kilikuwa na beringi mbili upande mmoja, miguu ya mninga upande wa pili, na mipini ya kuinulia.

Jumatatu mvua ilinyesha tangu alfajiri. Land Rova ikaingia yote. Bwana Khatibu akafungua mlango mpaka mwisho, akashuka, akatazama kuta tupu. “Ndugu fundi, vifaa umeuza?”

Bazilio akainua mipini pale kwenye kona, akavuta kigari kirefu, akatoa cha pili tumboni mwake, na cha tatu ndani ya cha pili. Akavipanga kuizunguka injini, akabana chuma, akapiga tupa kwa nguvu zote. Hakuna kilichosogea. Bwana Khatibu akakisukuma cha jiliwa mwenyewe, kikakataa kusogea, akalizunguka gari lote na koti lake kavu.

“La pili naleta Alhamisi,” akasema.

Nilitoka mbio na mvua ile ile hadi nyumbani, nikamwaga mashati kitandani, nikarudi na sanduku kichwani.

“Skrubu zako zimezagaa sakafuni,” nilimwambia Bazilio. “Hili lipigilie kwenye mbao, liwe kigari cha nne.”

Alilitazama sanduku, akanitazama mimi. Kisha akachukua misumari, nami nikalishika kwa mikono miwili mpaka wa mwisho ukazama.