Bati Juu ya Mzazi

Juzi nilipita mtaa wa Langoni saa za adhuhuri nikasikia mabati yakialika, yakitatarika kwa ukali wa yuwa. Mwanamke kijana alikuwa barazani akijipepea. "Bi, joto la siku hizi limezidi, sivyo?" Nikamwambia limezidi, lakini halikuja kwa miguu yake. Lililetwa, na waliolileta nawajua.

Wewe hukuiona nyumba yetu ilipokuwa ya makuti, miaka ile kabla ya vita vya Wajerumani. Baina ya ukuta na paa palikuwa na nafasi ya kupita paka, na upepo ukiingia humo mchana kutwa. Mama akiketi sakafuni kusuka ukili, mimi nikikuna nazi, na mkate wa kumimina ukinukia hadi ndiani kwa wapitao. Hata zamani ile jua lilikuwa kali, sidanganyi. Lakini ukishaingia ndani ulipumua.

Mwenye nyumba alikuwa tajiri wa boriti, yeye akikaa kwenye nyumba ya mawe yenye kuta nene kama za kisima. Paa moja la mtaa wa pili likaungua, akaihofia mali yake. Akabomoa makuti yetu, akapigilia mabati, ile nafasi ya juu akaiziba kwa udongo. Mkungu wetu wa uani, mti wetu wa kivuli, nao akaukata, eti majani yataozesha bati. Mama alikuwa na mimba kubwa. Baba akamwendea barazani kwake.

"Bwana, turudishie makuti walau chumba cha mzazi."

"Wazungu wanalala chini ya bati," akasema tajiri, "kwani wewe mkeo ni siagi?"

Baraza zima likacheka. Na baba akacheka nao. Kicheko kile sijamsamehe, na keshakufa.

Mama alijifungua mtoto wa kiume wakati upepo umekufa na mvua haijaja. Kwetu mzazi hukaa ndani siku arubaini, dirisha limefungwa, makaa chini ya kitanda, akikandwa kwa maji ya moto na kunywa vya moto, maana baridi ikimwingia haponi. Bibi yangu alizaa saba kwa namna hiyo, wote chini ya makuti. Sasa tulikuwa na jiko chini ya kitanda na jiko jingine juu ya vichwa vyetu, na hakuna mtu mzima aliyeinua macho akaliona.

Siku ya tisa mama aliacha kutoka jasho. Ngozi ilikuwa kavu, ukimgusa unaondoa mkono, na maneno yake yakaanza kupotea. Mkunga akamshika kipaji.

"Baridi imemwingia. Ongezani makaa."

Bibi akaongeza.

Walipokwenda uani kutawadha, mama akanishika nguo. "Mwanangu, nipa mai. Ya mtungini." Mtungi ulikuwa ukumbini, hatua tano tu.

"Mkunga amekataza, mama."

"Nipa mai, nikuombee dua."

Nikampa kikombe cha uji wa pilipili manga, wa moto, kama nilivyofunzwa. Akaunywa kwa sababu ulikuwa majimaji. Nami nikajiona mtoto mwema. Alasiri haikumkuta hai.

Tajiri alikuja matangani, akaketi mkekani akasema ni amri ya Mwenyezi Mungu. Wote wakaitikia. Mimi sikusoma zaidi ya juzuu mbili, lakini najua Mungu hakupigilia misumari ile. Alipigilia yeye. Mkunga akaagiza makaa, bibi akayaongeza, baba akacheka, na mimi nikashika kikombe.

Sasa mtaa mzima ni bati, na watu wanaoneana fahari kwalo. Mafundi wa kuezeka makuti hawapo, miti ya uani haipo. Watoto wanalia mchana kutwa, nao mama zao wanadhani ni homa.

Ndugu yangu aliishi, alinyonyeshwa na jirani. Ni mtu mzima leo, ana ndevu. Nimemweleza mara ngapi kilichomuua mama yake. Husikiliza hadi mwisho, kwa adabu. Kisha mtu mwingine akimuuliza mama yake alikufa kwa maradhi gani, hujibu bila kufikiri: "Baridi."